Saini Chini ya Mchoro

Wodi ya Wanawake
3 Machi

Mwalimu,

Shikamoo. Miaka tisa imepita tangu nitoke darasani kwako, na naona haya kwamba barua yangu ya kwanza kwako ndiyo hii. Ulitukataza kuanza taarifa ya mgonjwa kwa habari za mvua na mifugo, kwa hiyo nalisema mara moja: nimemuua mtu.

Alikuwa mshonaji. Mapazia yote ya wodi hii kashona yeye, na ninapokuandikia yananitazama. Alikuja mwezi wa kwanza na maumivu ya tumbo na ngozi inayomwasha. Mtaalamu wetu wa maabara alikuwa likizo, nikakipima choo mwenyewe. Nikaona vitoto vya minyoo vinajinyonganyonga chini ya hadubini. Nikakumbuka maneno yako: kitoto cha mnyoo akikusumbua, mtazame mdomo, atakwambia ukoo wake. Nikamtazama. Nikaandika kwenye faili: "Mdomo mfupi. Minyoo ya safura." Nikampa dawa ya safura, akaenda zake.

Baada ya wiki tatu akarudi pumu imembana. Nikamwandikia steroidi kwa wiki mbili, kama ambavyo daktari yeyote angefanya kwa mtu ambaye hana kingine mwilini.

Kumbe alikuwa nacho. Haikuwa safura. Ilikuwa strongiloidi, yule mnyoo mwembamba uliyetuambia anaweza kukaa ndani ya mtu miaka thelathini kama mpangaji mtulivu, mpaka daktari mjinga azime kinga ya mwili kwa steroidi. Ndipo anapozaana, anatoboa utumbo, anapanda mapafuni. Nilizima mimi, Mwalimu. Hospitali ya rufaa walituandikia kwamba makohozi yake yalikuwa yamejaa vitoto. Alikufa siku ya pili baada ya kufikishwa kwao.

Mume wake hutengeneza baiskeli mbele ya geti letu. Alikuja kunipa habari yeye mwenyewe, mikono ina grisi, akanishukuru kwa juhudi zangu. Tangu siku hiyo nikifika kazini napitia mlango wa jikoni.

Kamati ya nidhamu itanisikiliza tarehe kumi na nane Aprili. Huenda wakaninyang'anya leseni, na sitabisha. Sikuandikii unitetee. Nataka kujua kitu kimoja tu: nilisahau vipi? Siku ya somo lile nilikuwepo, nilichora, na ukaweka saini. Daftari ninalo sandukuni ila sijathubutu kulifungua. Naona kama litanisuta.

Mwanafunzi wako,
Kifutio
(kama bado unalikumbuka jina ulilonipa)


Ofisi ya Somo la Vimelea
11 Machi

Kifutio, mwanangu,

Marahaba. Nakukumbuka sana, mbele kushoto, karibu na sinki, ufutio mkononi kama mtu aliyeshika hirizi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sasa nisikilize. Hakuna daktari aliyefanya kazi kweli ambaye hana kaburi analolifahamu. Wale wanaojisifu hawana, hawajafuatilia wagonjwa wao walikwenda wapi. Kuteleza si kuanguka, na maji yakishamwagika hayazoleki. Vitoto hivi viwili vinafanana kama mapacha waliovalishwa sare. Nimeona maprofesa wakivichanganya, tena maprofesa wenye miwani ya bei mbaya. Choo kikicheleweshwa kupimwa, mayai ya safura yanaanguliwa na mambo yanazidi kuvurugika. Labda kilicheleweshwa. Umefikiria hilo?

Mbele ya kamati sema kidogo. Kiri kwamba hali ilikuwa ngumu, mtaalamu hayupo, vifaa duni. Usianze kujichapa bakora wewe mwenyewe, watu wa kamati wana mikono yao.

Hilo daftari la zamani usihangaike nalo. Vitu vya uanafunzi ni chakula cha mchwa. Nikipata kitabu kipya cha vimelea nitakutumia.

Huku mimi nahesabu siku. Mwezi wa tano nastaafu. Wanataka kuiita maabara ya wanafunzi kwa jina langu, na kibao tayari kimeagizwa. Nimewaambia waache utani, ingawa sikuwaambia kwa sauti kubwa.

Jipe moyo. Wewe ulikuwa kijana mzuri.

Mwalimu wako


Wodi ya Wanawake
19 Machi

Mwalimu,

Shikamoo, na asante. Ulivyosema nilikuwa kijana mzuri nilikwenda kusimama stoo kwa muda, manesi wasinione.

Nimekukaidi jambo moja. Daftari nimelifungua. Mchwa wamekula kitabu cha maabara ya hapa, wameanzia palepale kwenye sura ya minyoo, lakini daftari langu wameliacha. Nimeukuta mchoro. Slaidi namba 31, strongiloidi, mdomo mrefu. Slaidi namba 32, safura, mdomo mfupi. Na chini yake saini yako, wino mwekundu, haijafifia hata kidogo.

Basi nimejua nilipokosea. Mgonjwa alikuwa na strongiloidi, kwa hiyo mdomo ulikuwa mrefu, na mimi niliuona mfupi. Ni macho yangu. Nimekwenda kupima macho. Mpimaji akasema ni mazima. Nikamwomba apime tena, akapima, akasema mazima, akaniuliza kama nina tatizo lingine.

Karatasi kwenye mchoro huo imechakaa kwa kufutwa, na hapo nikaikumbuka siku yenyewe. Unaikumbuka? Nilikuwa nimechora kinyume. Nikanyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, jana ubaoni nilinakili kwamba strongiloidi ndiye mwenye mdomo mfupi, lakini huyu wa slaidi 31 mdomo wake mrefu." Ukaniuliza mbele ya darasa zima, "Wewe na hadubini, nani kasoma zaidi?" Watu wakacheka. Nikafuta. Ukasema, "Futa vizuri, Kifutio," na jina likanigandia mpaka mahafali. Nilifuta hata maandishi ya ubaoni niliyoyanakili jana yake, maana ilikuwa wazi nilinakili vibaya. Ulinifundisha jambo kubwa siku ile, kwamba macho yangu si ya kuaminiwa. Laiti ningelishika.

Ili lisimpate mwingine, nimeukuza mchoro huo kwenye karatasi ya manila na kuubandika ukutani maabara, juu ya hadubini. Hata saini yako nimeiiga kwa wino mwekundu, watu wauheshimu. Mtaalamu amerudi likizo na ameupenda. Choo chochote chenye vitoto sasa kinapimwa kwa kuulinganisha na mchoro wako. Jana tumempima mume wa marehemu, maana walikuwa wanakaa nyumba moja, wanapita udongo uleule bila viatu. Mdomo mfupi, safura. Nilifurahi kwa ajili yake.

Mbele ya kamati nitasema kweli: nilifundishwa vizuri, kosa ni la macho yangu.

Kifutio


Ofisi ya Somo la Vimelea
25 Machi

Fundi, ndugu yangu,

Habari za kustaafu? Nasikia unafuga kuku na unawapangia namba kama slaidi. Maabara yako ya zamani ipo, ingawa huyu mrithi wako anafuta lenzi kwa shati.

Nina jambo dogo. Unakumbuka mwaka ule makabati yalipovuja, ukasafisha slaidi zote na kuzibandika lebo upya? Namba 31 na 32 zilibadilishana. Ni jambo la kawaida, gundi ilikuwa mbovu, hakuna anayekulaumu. Sasa kuna kijana wa darasa lile amepata matatizo huko hospitali aliko, na upo uwezekano, mdogo tu, watu wakaanza kuuliza maswali. Wakikufikia, ingekuwa vizuri sote tukumbuke namna moja: kwamba lebo zilibandikwa na wewe, kwamba zilirekebishwa mapema, na kwamba hakuna aliyejua kama kuna wanafunzi walioathirika.

Mwezi wa tano nastaafu. Nitapenda uje kwenye sherehe.

Mwalimu


Nyumbani
29 Machi

Mwalimu,

Kuku wazima. Namba 14 anataga kila siku, na kila yai nimelitazama kabla ya kuliandika.

Barua yako nimemsomea mke wangu. Akauliza, "Huyu ndiye yule aliyekuwa anakuita mkono wake wa kulia?" Nikamjibu ndiye. Akasema, "Basi leo anataka kuukata."

Tukumbuke namna moja, unasema. Sawa, tukumbuke. Lebo nilibandika mimi na nikakosea mimi. Sijalikana na silikani. Lakini saa nne asubuhi, siku ya somo lenyewe, niliuona ufa kwenye pembe ya kioo, nikakumbuka kioo chenye ufa ni cha safura, nikaja mbio darasani nikakunong'oneza. Uliniambia, tena kwa sauti, "Fundi, hapa ni darasa, siyo karakana." Wakanicheka watoto ambao nilikuwa nawaazima kalamu.

Saa tisa alasiri ulirudi peke yako. Mimi nilikuwa stoo naosha chupa, na kile kidirisha cha stoo hakijawahi kuwa na pazia. Nilikuona umeweka 31 kwenye hadubini, umeangalia muda mrefu. Ukaweka 32. Ukakaa chini. Halafu ukazibandua lebo kwa ukucha na kuzibadilisha, ukapuliza gundi ikauke. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, amegundua, kesho atawaambia watoto. Kesho ikafika, ukafundisha mbu.

Nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu na ninayo mpaka leo. Nilijiambia mtu wa lebo hamsahihishi mtu wa digrii. Uongo mtupu. Niliogopa kuchekwa mara ya pili.

Kwa kuwa hukunieleza kijana amepatwa na nini, nilikwenda kuuliza kwenye ofisi ya mganga mkuu. Hospitali ile wanaongea nayo kwa simu ya upepo kila asubuhi. Wakanieleza habari za mshonaji, na za mchoro uliobandikwa ukutani una saini yako. Mwalimu! Umekaa na habari hiyo siku ngapi? Ukapata muda wa kuniandikia mimi habari za gundi?

Ujumbe nimeshautuma jana, wameusoma hewani mara mbili: "Teremsheni mchoro ukutani. Majina yamebadilishana. Strongiloidi ndiye mwenye mdomo mfupi. Kosa la lebo ni la fundi." Sehemu yangu nimeisema. Yako sijaigusa, nimekuachia uiseme mwenyewe. Nakupa mpaka Ijumaa, kisha napanda basi.

Kwenye sherehe sitakuja.

Fundi


Nyumbani kwangu
30 Machi

Daktari,

Sitakuita Kifutio tena. Utaelewa kwa nini.

Ujumbe wa simu ya upepo utakuwa umekufikia. Ni wa kweli. Strongiloidi ndiye mwenye mdomo mfupi, safura ndiye mwenye mdomo mrefu. Macho yako ni mazima. Yalikuwa mazima siku ile darasani na yalikuwa mazima siku ulipompima mshonaji. Uliona mdomo mfupi na ukaandika ulichokiona. Jina ndilo lilikuwa la uongo, na jina hilo nilikupa mimi. Mpeni mume wa marehemu ivermektini, dawa ya strongiloidi, leo hii kama hamjampa, na msimpe steroidi kwa sababu yoyote.

Hayo ndiyo ya haraka. Sasa yaliyobaki, ambayo nimeyaandika na kuyachana tangu asubuhi.

Ulipouliza swali lako mbele ya darasa, ulikuwa sahihi. Ubaoni niliandika mdomo mfupi, na wewe ulinakili mdomo mfupi. Mimi sikuitazama slaidi asubuhi hiyo. Nilikuwa nafundisha slaidi ileile mwaka wa kumi na moja, na nilijiona nimefika mahali ambapo slaidi ndizo zinapaswa kunitazama mimi. Mtoto ananiambia kuna kasoro, badala ya kuinama kwenye lenzi, kitu cha nusu dakika, nikatafuta maneno ya kuchekesha. Nikayapata. Mimi maneno ya kuchekesha sijawahi kuyakosa.

Saa tisa niligundua. Kuna mtu aliniona na ameshanikumbusha, lakini kuna jambo ambalo hata yeye halijui, na hilo ndilo linalonifanya nishindwe kujitazama kwenye kioo nikinyoa.

Madaftari yenu yalikuwa mezani kwangu. Sitini na mawili. Ishirini na matano nilikuwa nimeyasaini asubuhi, kwa kutojua. Yaliyobaki yalikuwa yananisubiri. Nilitoka maabara nikijua kila kitu, nikaketi, nikafungua kalamu nyekundu. Nilijiambia nikiyarudisha bila saini wataniuliza. Nilijiambia swali hilo nitaliondoa kwenye mtihani, na kweli nililiondoa. Nilijiambia wangapi kati yao watakutana na mnyoo huyu maishani, wengi watakuwa wapasuaji, watakuwa wakubwa wa ofisi. Nikasaini moja baada ya jingine. La kwako lilikuwa katikati. Nililitambua kwa karatasi iliyochakaa. Niliona chini ya ulichoandika, kwa mbali, jibu la kweli ulilolifuta kwa sababu yangu. Bado lilikuwa linasomeka ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Nikasaini juu yake.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliona maneno "mdomo mfupi, minyoo ya safura" nikajua papo hapo. Sikuhitaji kufikiri. Na nikakujibu vile nilivyokujibu. Nilikushauri uliache daftari kwa sababu niliogopa utaliona, nikakupa methali kwa sababu zilikuwa karibu. Nilikuacha ukapime macho. Daktari, nimeishi na watu wazima wanaoniamkia barabarani miaka mingi, na sijui kama yupo mtu asiyestahili kuitikia "marahaba" kuliko mimi.

Niliyoyafanya leo ni haya. Nimeiandikia kamati, bila kupunguza kitu, saa tisa na saini zikiwemo. Nimeandika barua moja ya kunakiliwa kwa wenzako sitini na mmoja. Anwani nimepata hamsini na nne, wanne nawatafuta, watatu wamefariki. Kibao cha maabara nimekikataa, safari hii kwa sauti kubwa, na mkuu wa chuo amenitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Kesho nitasimama mbele ya darasa la mwaka huu na slaidi mbili, nitawaeleza.

Fundi nilijaribu kumtupia mzigo wangu. Nimekwenda kwake. Hakunikaribisha ndani, tuliongea tumesimama bandani kwa kuku.

Siombi unisamehe. Naomba uniambie kama mume wa marehemu ameshapata dawa, na kama naweza kuja kumwona.

Niliyekuwa mwalimu wako


Wodi ya Wanawake
22 Aprili

Mwalimu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki tatu. Mara ya kwanza niliisoma nikafurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba macho yangu mazima. Niliruka kama mtoto. Halafu nikayaona mapazia.

Baadaye ndiyo hasira ikaja. Niliandika majibu mengi ambayo hutayasoma.

Mchoro tuliuteremsha dakika ileile simu ilipoita. Kwa siku zote ulizokaa ukutani ulikuwa umetumika kwa watu watatu. Wawili tuliwapata siku hiyohiyo. Wa tatu, mwanamke mjamzito, alikuwa amehama, tumemtafuta siku tano mpaka mtaalamu akampata kwa shangazi yake. Dawa kwake itasubiri mpaka ajifungue, lakini jina la mnyoo limeandikwa kwenye kadi yake kwa herufi kubwa, na chini yake, ASIPEWE STEROIDI. Mume wa marehemu amemeza ivermektini mbele yangu.

Kamati wamenisimamisha miezi mitatu kuanzia mwezi ujao, kisha nitafanya kazi chini ya msimamizi mwaka mmoja. Barua yako waliisoma kwa sauti. Mwenyekiti akasema kosa limehamia kwako. Nikawaambia halijahama, limepata mwenyewe wa pili tu. Ningeweza kuazima kitabu kizima. Ningeweza kutuma sampuli mahali pengine kabla ya kumpa mtu wa pumu vidonge vya wiki mbili. Na ningeweza kuyaamini macho yangu. Miaka tisa nilikuwa na sababu ya kutoyaamini, na nilivyoona haya siku ile sikutaka kuichunguza sababu yenyewe.

Mlango wa jikoni nimeuacha. Jumatatu nilipita getini, nikaketi kwenye kopo la rangi karibu na fundi baiskeli, nikamweleza yote: yangu, ya lebo, na yako. Alikuwa anaziba pancha. Aliniacha nikamaliza. Hakuuliza kitu kuhusu mimi. Aliuliza, "Huyo mwalimu aligundua lini?" Nikamwambia siku ileile, saa tisa alasiri. Akauliza tena, "Siku ileile?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupiga msasa kwenye tyubu mahali palepale mpaka nikaogopa itatoboka upya. Kisha akasema, "Mwambie aje. Asilete kitu. Aje anitajie hiyo saa kwa mdomo wake."

Basi linaondoka kwenu saa moja asubuhi. Nitakusubiri getini, nitakupeleka mpaka kwenye kopo la rangi, halafu nitawaacha.

Fundi ameniandikia. Ameniomba radhi kwa kucheka kwetu siku ile, kana kwamba tulicheka kwa kosa lake. Nimemwambia mimi nilikuwa mmoja wa waliomcheka, dakika chache tu baada ya kuchekwa mimi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi moja. Fundi alinitumia slaidi mbili kwa basi, zimefungwa kwenye pamba ndani ya kasha la mayai. Nimechora upya, 31 na 32, na sikutumia ufutio. Chini ya kila mmoja nimeandika nilichokiona, siyo ninachokikumbuka wala nilichoambiwa. Mchoro huu ukirudi nitaubandika juu ya hadubini mahali ulipokuwa ule wa zamani. Mtaalamu alitaka tuuweke leo. Nimemwambia tusubiri.

Nafasi ya saini nimeiacha chini, upande wa kulia. Uangalie kwanza. Ukiona nimekosea, usisaini.

Daktari wa Wodi ya Wanawake (amesimamishwa)